Vijana Waliovaa Vizuri: Wahuni wa Mpira wa Uskoti na Vitabu Vyao

Msomaji mpenzi, huenda ukastaajabu kuona ukurasa huu, ambao umezoea kukuta humu maneno ya malezi na ya vitabu vyetu, leo unazungumza khabari za wahuni wa mpira wa Uskoti. Nami nakiri mapema kwamba mpira siujui, ila ule wa watoto wanaocheza ufuoni jioni maji yakitoka, goli moja viatu na goli la pili kipande cha kidau. Lakini khabari hii imekuja yenyewe mpaka nyumbani kwangu ikakaa, na mgeni aliyekwisha kukaa hana budi kusemeshwa.

Mjukuu wangu mmoja anasoma Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Alipokuja likizo alikuja na vitabu viwili mkobani. Usiku mmoja baada ya kula alikuwa akiwasimulia nduguze khabari za vijana wa huko waliokuwa wakipigana siku za mpira, nami nikahisi katika sauti yake mna mapenzi. Nikamuuliza, "Unawasifu wahuni, mjukuu wangu?" Akanijibu kwa adabu, "La, Babu, siwasifu. Lakini hawa walikuwa na kanuni zao. Hawakumgusa asiyetaka kupigana. Walipigana wao kwa wao, kila mmoja kwa ridhaa yake. Sasa watu wengine wamekosewa nini?"

Sikuwa na jawabu, na mtu asiyekuwa na jawabu na anyamaze. Nikaviomba vile vitabu, nikavisoma kwa muda wa wiki tatu, kamusi ubavuni. Na katika hicho kimoja kamusi haikunifaa kitu, kwani kimeandikwa kwa lahaja ya mitaa ya Edinburgh, na lahaja ile haimo kamusini. Mengine nisiyoyafahamu nilimuuliza mjukuu, na mengine akanitafutia. Haya ninayokuandikia ni jawabu nililokosa usiku ule.

Kwanza tufahamiane juu ya nchi yenyewe. Sisi watu wa kisiwa kile wote huwaita Waingereza, na Mskoti ukimwita Mwingereza umemtukana. Uskoti ni nchi ya watu kama milioni tano na nusu, ina ligi yake ya mpira, na klabu zake ni kongwe. Mbili zilizo mashuhuri ziko Glasgow: Rangers, iliyoanza mwaka 1872, na Celtic, iliyoundwa mwaka 1887 na mtawa mmoja wa Kikatoliki ili zipatikane fedha za kuwalisha masikini, wengi wao watu waliohamia kutoka Ireland. Moja ikawa ya Waprotestanti, ya pili ikawa ya Wakatoliki, na ugomvi wa madhehebu ukapata mahali pa kukutana kila zinapocheza.

Tarehe 10 Mei 1980 klabu hizi mbili zilikutana katika fainali ya Kombe la Uskoti, uwanja wa Hampden. Celtic ikashinda bao 1 kwa 0 katika muda wa nyongeza. Mashabiki wakamiminika uwanjani kutoka pande zote mbili, chupa zikaruka, mpaka askari wa farasi wakaingia kuwatawanya, na nchi nzima ikaona kwenye televisheni. Mwaka ule ule ikatungwa sheria ya kukataza pombe viwanjani na katika mabasi ya mashabiki. Wakubwa wakaona dawa imepatikana: mlevi ndiye mwenye fujo, basi ondoa ulevi.

Tazama ajabu iliyofuata. Ni katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1980 ambapo ugomvi ulibadilisha nguo. Tena haukuanzia Glasgow penye madhehebu na masikini wengi, bali Aberdeen, mji wa bandari kaskazini mashariki, uliokuwa ukineemeka kwa mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Klabu ya Aberdeen ilikuwa chini ya Alex Ferguson, na mwaka 1983 iliifunga Real Madrid mabao 2 kwa 1 huko Gothenburg ikachukua kombe la Ulaya la washindi wa makombe. Uwanja wake, Pittodrie, tangu mwaka 1978 ulikuwa umewekwa viti kila upande, miongoni mwa vya kwanza kuwa hivyo katika Uingereza nzima na Uskoti. Mji wenye fedha, timu yenye ushindi, uwanja wenye viti: humo ndimo lilimotoka genge la kwanza la namna mpya katika Uskoti, Aberdeen Soccer Casuals.

Wenyewe hujiita makazuali. Msomaji aliyefanya kazi bandarini asidhani nasema vibarua wa kutwa. Hapa neno ni la mavazi, yaani mtu aliyevaa nguo za matembezi. Desturi hii iliota kwanza Uingereza, khasa Liverpool, mwishoni mwa miaka ya 1970, vijana walipoanza kuifuata timu yao Ulaya na kurudi na nguo za michezo ambazo kwao hazijaonekana, nyingine wamezinunua na nyingine wamezichukua bila kulipa. Basi mashabiki wa zamani walivaa skafu na rangi za timu. Hawa wakavua rangi zote. Wakavaa Lacoste, Fila, Sergio Tacchini, sweta za Pringle zilizokuwa zikifumwa Uskoti kwenyewe, na miaka ya baadaye makoti ya Stone Island, yenye nembo ya dira iliyofungwa kwa vifungo kwenye mkono wa kushoto.

Mapambo yalikuwamo, na hila pia ilikuwamo. Polisi walikuwa wamefunzwa kumtazama mwenye skafu na chupa. Kijana aliyevaa sweta safi la Kitaliani akapita mbele yao kama mtoto wa hakimu. Na ugomvi wenyewe ukahama uwanjani ukaenda stesheni za reli, na vichochoro, na milango ya baa, saa mbili kabla ya mchezo au saa moja baada yake. Wengine mpira hawakuuona kabisa siku hiyo.

Kila mji ukapata genge lake. Wafuasi wa Hibernian, klabu ya Edinburgh, walikuwa na Capital City Service. Motherwell walikuwa na Saturday Service. Dundee walikuwa na Utility. Ukiyatazama majina haya utaona ni majina ya idara na mashirika, na neno walilozoea kuliitia genge ni lile lile ambalo Waingereza huliitia kampuni ya biashara. Mtu anayetaka kupiga watu Jumamosi amejipa jina kama la shirika la reli. Sijui kama walikusudia mzaha, lakini mimi nilicheka.

Huko Dundee ndiko kuliko na dalili kubwa kuliko zote. Mji ule una klabu mbili, Dundee na Dundee United, na viwanja vyao viko katika barabara moja, hatua chache baina yao. Watu wa klabu hizi hushindana kama jirani na jirani. Lakini lile genge la Utility liliwachanganya vijana wa klabu zote mbili, wakasimama pamoja kupigana na magenge ya miji mingine. Basi niambie, msomaji, mapenzi ya timu yako wapi hapo? Mpira ulikuwa saa na ratiba tu, wa kuwajulisha watu wa kupigana nao watafika kwa treni ipi.

Kwa hiyo zile sababu tatu ambazo wenye kuandika magazetini hukimbilia, yaani ulevi, umasikini na madhehebu, zote zinapwaya hapa. Sisemi hazina kazi. Glasgow madhehebu yana kazi kubwa mpaka leo. Na miaka ile ya 1980 viwanda vya Uskoti vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kimoja. Kile kikubwa cha chuma cha Ravenscraig, Motherwell, kilimalizika mwaka 1992, na baba aliyekaa nyumbani bila kazi hawezi kumwambia mwanawe mengi. Lakini sweta lile lilikuwa ghali, na masikini wa kweli hana la kununulia. Kilichokuwa kinatafutwa ni jina. Nimefundisha watoto chuoni miaka mingi, namjua kijana huyu. Ukiwa naye peke yake ni mpole, hata kuinua macho haya. Waweke wenzake watano nyuma yake, atamtupia jiwe mtu ambaye hana kisa naye, kisha atageuka haraka kutazama kama wenzake wameona.

Sasa nije kwenye vitabu. Katika Uskoti miongoni mwa vya mwanzo kabisa ni Bloody Casuals, cha Jay Allan, kijana wa genge la Aberdeen, kilichochapishwa mwaka 1989. Baada yake vikafuata vingi, vya Waskoti na vya Waingereza, mpaka maduka ya vitabu ya huko yakawatengea rafu. Mtu aliyekuwa akipiga watu, akizeeka magoti, hukaa akaandika. Nacho kimojawapo cha vile viwili vya mjukuu wangu ni cha jamii hii.

Nitawapa haki yao kwanza, kwani mhakiki asiyetoa haki ni mgomvi kama wao. Vitabu hivi ni vya kweli katika jambo moja ambalo wataalamu wengi hulipita: furaha. Mwandishi hakwambii alipigana kwa kuwa serikali ilifunga kiwanda. Anakwambia aliamka Jumamosi moyo unamdunda, akachagua nguo, akakutana na wenziwe stesheni, wakacheka, na ile dakika ya kuwaona wa upande wa pili wanatokea kwenye pembe ya barabara ilikuwa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kukipata. Anayetaka kumzuia kijana na ugomvi ni lazima ajue kuwa anamzuia na utamu. Mzazi anayedhani mwanawe ataacha kwa kuambiwa tu kuwa ni kitu kibaya, hajawahi kuwa kijana, au amesahau.

Lakini baada ya hapo, msomaji, ni vitabu vya karani. Tarehe, mji, idadi yao, idadi yetu, nani alikimbia. Na hesabu hii ina maajabu yake, kwani hakuna anayeshindwa. Walioshinda wameshinda, walioshindwa walikuwa wachache, au wakubwa wao walikuwa wamekamatwa, au polisi waliingia mapema. Ukichukua kitabu cha Aberdeen na kitabu cha Edinburgh ukavisoma siku moja juu ya vita kimoja, utadhani ni vita viwili. Hata wazee wetu wanaosimulia mashindano ya ngalawa ya zamani hawatii chumvi kiasi hicho, nao huitia nyingi.

Kisha kuna ile kanuni, na hii ndiyo nguzo ya vitabu vyote hivi. Ukiing'oa, nyumba inaanguka. Kila mwandishi anaileta, na mjukuu wangu aliibeba mpaka kwangu: sisi hatukumpiga mtu wa kawaida, mwenye skafu, mwenye mtoto mkononi, tulipiga wa sampuli yetu, aliyekuja kwa hilo hilo. Kwa kanuni hii mhuni anakuwa muungwana. Anakuwa kama mpiganaji wa ndondi, ila hana ulingo wala refa.

Mimi nimeisoma kanuni hiyo kwa jicho la mtu anayesoma mkataba wa nyumba, nikitafuta pale walipoandika kwa herufi ndogo. Nikawa nauliza kila ukurasa: huyu aliyeanguka hapa ana jina? Wenzake mwandishi wana majina, tena ya utani, mazuri. Sweta lina jina, na rangi, na mji lilikonunuliwa. Aliyeanguka hana jina, wala mama, wala Jumatatu. Mwandishi anamwacha chini barabarani, anaingia baa, na sura imekwisha. Na mwenye duka aliyevunjiwa kioo? Na abiria waliokuwa katika behewa lile lile, wanakwenda zao harusini au kumtazama mgonjwa? Wazee wetu walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Katika vitabu hivi ni fahali tu, nyasi hazimo, kana kwamba walipigana hewani.

Na kweli ya mambo haikuwa hivyo. Mwaka 1987, Hibernian ilipokuwa ikicheza na Celtic katika uwanja wa Easter Road, Edinburgh, kopo la gesi ya kutoa machozi lilirushwa katikati ya wafuasi wa Celtic. Watu wakakanyagana wakitafuta hewa, na wengi wakapelekwa hospitali. Gesi ile ilimwuliza nani kama amekuja kupigana? Moshi hautambui ridhaa ya mtu.

Kitabu cha pili ni hadithi ya kutungwa. Jina lake Marabou Stork Nightmares, cha Irvine Welsh, mtu wa Edinburgh, kilichotoka mwaka 1995, miaka miwili baada ya Trainspotting kilichompa jina duniani. Nakuonya mapema: kina matusi yasiyosemeka, na mambo ambayo nitayapita kwa juu, kwa sababu ukurasa huu unasomwa na watoto na mama zao. Lakini kama mhakiki lazima niseme nilivyoona. Mtungaji huyu mwenye mdomo mchafu ameeleza waliyoyaficha wenye vitabu vya kweli.

Anayesimulia ni Roy Strang, kijana wa magorofa ya pembezoni mwa Edinburgh. Tunamkuta amelala hospitali hana fahamu. Wauguzi na jamaa zake wanazungumza juu yake naye anawasikia wala hawezi kuwajibu. Ili asikumbuke maisha yake, anajitungia ndoto ndani ya kichwa: yuko Afrika, anawinda korongo marabu. Ndege huyo sisi tunamjua. Ndiye yule mrefu, mwenye kipara na mfuko wa shingo, anayesimama juu ya majaa ya Kampala kama mzee aliyedhulumiwa mirathi. Na Nairobi kwa miaka mingi walikuwa wakiota juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo, watu wanakwenda mpirani na kinyesi chao kinawadondokea. Kwa Roy ndege huyu ni uovu wenyewe, na akimwua atapata raha.

Ndoto haimfichi. Kila mara maisha yanaipasua na kuingia. Tunajua kuwa utotoni wazazi wake walihamia Afrika Kusini, zama za utawala wa makaburu, na huko ami yake akamfanyia uovu ambao mtoto hafanyiwi. Wakarudi Edinburgh. Akakua, akawa hodari wa kompyuta, akapata kazi ya ofisini yenye mshahara mzuri. Angalia hapo: si masikini, si mjinga, na wala si mlevi. Siku za kazi yuko ofisini. Jumamosi yuko na genge la Hibernian. Na mtungaji anayaeleza mapigano yale kwa utamu ule ule wa wale wengine, mpaka msomaji anaanza kuupenda utamu huo, kama alivyoupenda mjukuu wangu.

Kisha anakufungulia mlango wa pili. Vijana hao hao wenye kanuni, wasiomgusa asiyetaka kupigana, wanamchukua msichana mmoja wanayefahamiana naye, wanamtilia dawa, wanamfungia nyumbani na kumwingilia kwa nguvu, mmoja baada ya mmoja. Kwa nini? Kwa sababu alimjibu mmoja wao kwa dharau. Basi. Ile ile sababu ya stesheni: jina, na nani ameona. Wanapelekwa mahakamani, na wakili anamgeuza msichana kuwa ndiye mshitakiwa, nao wanaachiliwa. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje nikakaa barazani. Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Roy anatwambia kuwa yeye hakupenda, alivutwa tu na wenzake. Tunamwamini, kwa kuwa tumekwisha kumhurumia kwa yale ya ami yake. Na mwisho kabisa inatubainikia kuwa alitudanganya; sehemu yake ilikuwa mbaya kuliko alivyosema. Hapa ndipo ninapomvulia mtungaji kofia. Kwani hivi ndivyo mwenye kosa anavyosimulia kosa lake! Na ndivyo vinavyosimulia vile vitabu vya rafuni, ila humo hakuna ukurasa wa mwisho wa kumfichua msimulizi.

Jambo moja katika hadithi hii lilikuwa la kweli mjini. Mwaka 1992 baraza la mji wa Edinburgh lilianzisha kampeni iitwayo Zero Tolerance, wakabandika mabango makubwa barabarani ya kukataa wanawake na watoto kupigwa na kunajisiwa, na kusema kuwa jambo hilo halina udhuru. Katika hadithi Roy anakutana na mabango hayo kila anakokwenda, nayo yanamtafuna mpaka anataka kujiua; na ndivyo alivyofika kitandani pale.

Nina khitilafu na mtungaji katika mawili. La kwanza ni mwisho wake. Msichana anakuja hospitali, naye analipa kisasi cha kutisha, na Roy katika ndoto anatambua kuwa korongo alikuwa yeye mwenyewe. Kutambua huko ni kuzuri. Lakini kisasi kile kinampa msomaji ule ule utamu ambao kitabu kizima kimetufunza kuuogopa. Naona mtungaji naye alishindwa kuukataa. La pili ni Afrika. Nafahamu kuwa anaicheza shere Afrika ya vitabu vya zamani vya Waingereza, ya mabwana wenye kofia na bunduki. Na pale anapoulinganisha mpangilio wa Johannesburg na ule wa Edinburgh, kila mtu na mtaa wake na masikini kusukumwa nje, amesema jambo zito. Lakini kitabu kimejaa Afrika na Waafrika wake ni vivuli. Hata ndege wetu ameazimwa ili abebe dhambi za watu wa Edinburgh.

Pamoja na hayo, jawabu nililolitafuta limo humu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu hawezi kuufundisha mkono wake kupiga Jumamosi kwa ajili ya kuonwa, kisha akauambia ulale akifika mlangoni kwake. Wala usiseme hii ni hadithi ya kutungwa tu. Huko Glasgow polisi walikuwa wakijua miaka mingi kuwa siku Rangers na Celtic wanapocheza simu za wanawake waliopigwa nyumbani huongezeka, na wataalamu waliochunguza baadaye wakakuta ni kweli. Wanaume hao si makazuali. Wengi hata uwanjani hawakwenda, wametazama mechi sebuleni. Mwezi wa Machi 2011, baada ya mchezo uliojaa shari, serikali ya Uskoti iliziita klabu zote mbili na polisi katika mkutano, na khabari ya wanawake hao ilikuwa miongoni mwa yaliyozungumzwa. Mke wa mtu hakusaini mkataba wa kupigana. Hata matokeo pengine hayajui, mpaka asikie namna mlango unavyofunguliwa.

Asije mtu akasema kuwa ndivyo Waskoti walivyo. Mwaka 1977 timu yao ya taifa iliifunga Uingereza mabao 2 kwa 1 pale Wembley, na wafuasi wake wakashuka uwanjani, wakavunja magoli, wakang'oa majani wakaenda nayo makwao. Lakini wafuasi hao hao, wanaoitwa Tartan Army, katika miaka ya 1980 na 1990 waligeuka. Baada ya msiba wa Heysel mwaka 1985, walipokufa watu 39, wengi wao Waitaliani, klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya na za Uskoti hazikufungiwa. Basi Waskoti wakaona fakhari yao ni kutofanana na Waingereza. Wakavaa vikoi vyao vya mistari, wakaenda na wake zao na watoto, wakafanya mzaha, na wakuu wa mpira wa Ulaya wakawasifu kwa mwenendo wao katika mashindano ya Sweden mwaka 1992. Nao walitaka jina vile vile. Wamelipata kwa kuchekesha wenyeji, na hakuna aliyekwenda hospitali. Juu ya hawa sikuona vitabu vingi, na nadhani wauza vitabu wanajua kwa nini.

Mjukuu alipokuwa anafunga mizigo yake nilimwita, nikampa kile kitabu cha makazuali nikamwambia, "Nitafutie humu aliyeanguka, mwenye jina." Akakaa kitako akafungua, akatafuta muda mrefu. Alimpata mmoja mwenye jina la utani, nalo walimpa wao baada ya kumpiga. Akanitazama, asiseme neno.

Kitabu hicho amekiacha kwangu. Kile cha Welsh nimemrudishia akarudi nacho Edinburgh, kwa sababu nyumbani kwangu kuna watoto.